Humu Kila Kitanda ni Mkwe

Niliisikia wodi ya majeraha ya moto ya Makueni kabla sijaiona. Nilikuwa bado ukumbini, kola ya sare yangu mpya ikinikwaruza shingo, niliposikia gurudumu likilia, nguii, nguii, nguii, kama ndege aliyekanyagwa mkia. Kisha, nyuma ya mlango uliofungwa, mwanamke akasema, "Haya, linakuja," na watu ambao sikuwaona wakaanza kuimba. Walianza chini chini, kama wanaopasha sauti moto. Kadiri gurudumu lilivyosogea, ndivyo wimbo ulivyopanda, mpaka nikadhani nimepotea njia nikafika kanisani.

Lilikuwa toroli la kufungia vidonda. Wagonjwa wale walikuwa wanaimba ili wasipige mayowe.

Kwa vile nilitaka kupendwa siku ya kwanza, nilijitolea kulipaka lile gurudumu mafuta. Msimamizi wa wodi, Sista Kalondu, mwanamke mfupi mwenye sauti isiyopanda hata akikasirika, alinitazama toka kofia hadi viatu.

"Jina lako nani?"

"Muthama, Sista."

"Muthama, liache lilie. Mtu akijua maumivu yako njiani, anajipanga. Yakimjia ghafla, yamemwibia."

Nyinyi mnaoanza kazi sasa, mliovaa sare ambazo bado hazijafuliwa hata mara moja, nawaandikia nikiwa nimestaafu, mgongo ukinidai usingizi wote nilioukopa. Nimefanya kazi ya uuguzi Kitui, kisha Makueni, na sehemu kubwa ya maisha hayo niliishi kati ya watu walioungua: chai, uji, mafuta ya taa, karai, gesi, moto wa shamba uliokataa kusikia. Wazee wengi waliniita "Sista" kwa sababu kwao kila muuguzi ni Sista, na mimi niliitika. Nimeitika jina hilo nikiwa na ndevu.

Nitakalowaambia si la vitabuni, ingawa vitabu vinakubaliana nalo. Moto hauui watu wengi siku ile ya moto. Mtu anafika kwetu akiwa hai, anazungumza, anauliza kama ng'ombe wamefungwa. Anayemvizia ni kijidudu kinachokuja baadaye, kimya, na hasa kile kisichozihofia dawa zetu tena.

Mnajua nyani wa mashambani mwetu. Ukimrushia kijiwe kidogo, kikamgusa kidogo, hakimbii moja kwa moja. Anajifunza urefu wa mkono wako. Kesho atakaa hatua moja nje ya pale jiwe linapoishia, ale mahindi yako huku akikutazama machoni. Dawa ya nusu dozi ni kijiwe hicho. Nimepokea watu walionunuliwa vidonge viwili vitatu dukani, wakameza maumivu yalipozidi na kuacha yalipopungua. Nimepokea watoto ambao nyanya zao, kwa upendo mtupu, walifungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, kama mtu anayetia chumvi kwenye nyama. Unga ule haukuua chochote cha maana. Uliwafundisha tu nyani.

Sisi nasi hospitalini tulikuwa tukiwafuga nyani hao. Zamani tulikuwa na beseni moja kubwa la kuogeshea, wagonjwa wakiingia kwa zamu, na tulilisugua kwa dawa kati ya huyu na yule mpaka viganja vikachubuka. Lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na humo ndani vijidudu viliishi kwa raha kuliko sisi kwenye nyumba za wafanyakazi. Ni Sista Kalondu aliyeligeuza kuwa la kupandia sukumawiki nyuma ya jiko. Tukaanza kuogesha kwa maji ya kumimina kutoka kwenye jagi, kila mtu na lake. "Maji yanayopita yanaosha," alikuwa akisema. "Maji yanayokaa yanagawa." Na yale yalikuwa maeneo ambayo mfereji ukikauka tunategemea punda na mitungi ya manjano. Kumimina maji yakaenda chini kuliwauma watu. Hakuwabembeleza. Alisema afadhali sakafu inywe kuliko kidonda.

Asubuhi alipita kitandani hadi kitandani akisemezana na mipira. Mipira ya mkojo, mipira ya dripu. Aliinama, akaushika mpira kama mtu anayeshika sikio la mtoto mtundu: "Wewe bado unafanya kazi gani hapa?" Kama hakuna aliyeweza kuujibia, akauchomoa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hana mikono ya kushika jembe. Aende." Tulicheka, lakini siku hizi nikisoma kwamba kila mpira unaokaa bila sababu ni mlango uliosahauliwa wazi, namwona yeye ameinama pale, anazungumza na mpira.

Lakini kisa ninachotaka mkibebe ni cha Mwende.

Mwende alikuwa akipika chapati na mandazi sokoni Tawa. Korona ilikuwa imekwisha, na watu walikuwa wamerudi kusalimiana kwa mikono kama waliotoka kwenye njaa. Siku moja mguu mmoja wa meza yake ulititia, karai likamjia. Mafuta yalimshika kifuani na mkono mzima wa kulia hadi kwenye vidole. Alipofika kwetu alikuwa analia, lakini si kwa maumivu peke yake. "Sista," alimwambia Kalondu, "mimi sijui kusukuma chapati na kushoto."

Daktari wetu wa upasuaji, Halima, binti wa wafanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, alikata ngozi pajani mwa Mwende akaipandikiza mkononi. Tulipoifungua, haikuwa imeshika. Ilikuwa ikiteleza kama utando wa maziwa, na chini yake usaha wa kijani wenye harufu tamu, utamu wa tunda lililosahauliwa guniani. Ukiisikia harufu hiyo mara moja hutaisahau. Maabara wakaotesha ule usaha ili kujua ni kijidudu gani. Majibu yalipokuja, Daktari Halima aliyasoma amesimama, kisha akavuta kiti.

"Sista, hiki kijidudu kinakula dawa zetu kama kiamsha kinywa. Imebaki moja. Nayo ni kali kwa figo, siwezi kumpa kwa muda mrefu."

"Na ngozi?"

"Paja linaweza kunipa mara moja tu tena. Ikikataa, na hicho kikipanda kwenye damu, nitaukata mkono niokoe mwili." Akaikunja karatasi ya majibu. "Nikimtibu, halafu kirudi kutoka nje, nitakuwa nimepoteza dawa na ngozi siku moja."

Kirudi kutoka nje. Maneno hayo Sista Kalondu aliondoka nayo. Kwa sababu kijidudu kilekile, maabara walisema, kilikuwa kimeonekana kwanza kwa Mzee Mbithi aliyelala kitanda cha mlangoni. Mzee alikuwa ameungua miguu, ana sukari, amekaa nasi muda mrefu, amepitia dawa nyingi. Yaani kila kitu ambacho kijidudu sugu hupenda. Mwende alilala dirishani, upande wa pili kabisa. Kila mmoja alikuwa na jagi lake, glavu zake, bandeji zake. Sisi wauguzi tulinawa kati ya mmoja na mwingine, na Sista alikuwa akitutazama tukinawa kama polisi wa trafiki. Sasa kilivukaje?

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, hakukaa ofisini. Alisimama kando ya kabati, akanivuta nisimame naye. "Usiseme kitu. Tazama mikono tu."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia wamama wa kanisa kutoka Mbumbuni, wakiongozwa na Mwaitu Nduku, mamake Mwende. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na huyu alikuwa mama wa kila mtu. Mkubwa wa kifua na wa roho. Alipoingia hakukimbilia kwa binti yake. Angewezaje? Angempitaje mgonjwa bila salamu? Alianza na Mzee Mbithi pale mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamtikisa, akamwombea. Akaenda kitanda cha pili. Cha tatu. Akampapasa mtoto aliyemwagikiwa chai, akamrekebishia shuka. Wenzake wakamfuata mstari mmoja, mkono kwa mkono, kitanda kwa kitanda, wakitabasamu, mpaka dirishani.

Njia ya kijidudu ilikuwa njia ya adabu.

Mnielewe vizuri. Kwetu, kumpita mgonjwa bila kumpa mkono ni kama kumwambia kwamba umeshamhesabu pamoja na wafu. Sista alibandika tangazo la kukataza kupeana mikono. Walilisoma kwa sauti, wakasifu mwandiko, wakapeana mikono. Akawaomba kwa upole. Waliitikia "ndio, Sista," kisha nikamwona bibi mmoja akipitisha mkono chini ya leso kumsalimia Mzee Mbithi kwa siri, kama anayetoa hongo. Mimi nikapendekeza tufunge wodi kabisa, asiingie mtu.

"Nani atawalisha?" Sista akaniuliza. "Nani atamwambia Mwende ana sura nzuri? Wewe?"

Mzee Mbithi hakutoka. Kijidudu kilimpanda kwenye damu, na asubuhi moja kitanda cha mlangoni kilikuwa kitupu na godoro lake limesimamishwa juani. Mwende aliligeukia dirisha kutwa nzima. Alipozungumza aliuliza jambo moja tu: "Na mimi ninacho hichohicho?" Hatukumdanganya.

Jibu la salamu zile lilikuja siku ile ile, wala halikutoka kwetu. Kioko, mumewe Mwende, alikuwa na pikipiki ya kubeba abiria. Alikuja na mkungu mdogo wa ndizi, akasukuma mlango, mguu mmoja ukawa ndani. Akamwona Mwaitu Nduku ameketi kando ya kitanda. Akaganda. Taratibu akaurudisha ule mguu nje, akainamisha kichwa, akasalimu kutoka pale ukumbini kwa sauti ya chini. Mwaitu Nduku, bila kumtazama, akiwa ameelekeza macho dirishani, akajibu kwa upole mwingi. Ndizi zikapitia kwangu.

Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya Wakamba kati ya mtu na mama mkwe wake. Hawashikani mikono. Hawakaribiani. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini hawa wawili walikuwa wameishika kama kamba ya kisima. Mimi niliona tu mkwe na mama mkwe, nikataka kucheka. Sista Kalondu aliweka chini alichokuwa ameshika. Nilimwona akitazama ule umbali kati ya mlango na kitanda kama mtu anayetazama mvua ikija.

Saa ya kuona wagonjwa iliyofuata, aliwasimamisha wamama wote mlangoni.

"Mwaitu Nduku, juzi Kioko alikudharau?"

"Kioko? Mkwe wangu? Haki ya Mungu, hapana! Ana adabu huyo, mpaka natamani ningekuwa na binti mwingine nimpe."

"Alikupa mkono?"

Wamama walipasuka kicheko. Mmoja alijifunika uso kwa leso.

"Sista, unatuletea aibu. Atanipaje mkono?"

"Kwa hivyo mtu anaweza kukaa mbali na wewe, asikuguse, na hiyo iwe heshima?"

"Ndiyo heshima yenyewe."

"Basi sikieni, mama zangu. Humu ndani kila kitanda ni mkwe. Anayempenda mgonjwa amsalimie kama Kioko."

Nilimwona Mwaitu Nduku akiligeuza neno lile mdomoni, akitafuta mfupa ndani yake.

"Hata huyu mtoto wa chai? Mkwe wangu?"

"Huyo ndiye mkubwa wa wakwe."

Akavuta leso, akainamisha kile kichwa kikubwa, akamsalimia mtoto wa chekechea kutoka mlangoni kwa heshima ambayo mkuu wa wilaya hajawahi kuipata. Mtoto akacheka mpaka dripu ikatikisika. Na kazi ikawa imekwisha. Tangazo lilishindwa, mimi na makufuli yangu nilishindwa, lakini hakuna mwanamke wa Mbumbuni aliyekuwa tayari kuonekana amekosa nthoni mbele ya wenzake.

Kuanzia hapo hatukuhitaji mlinzi. Mwaitu Nduku alisimama pale mlangoni mwenyewe. "Wewe kijana, mikono nyuma! Kwenu hamna wakwe?" Mchungaji alipokuja na kutaka kumwekea Mwende mikono, alimzuia kwa kifua. "Mchungaji, huyo ni mkwe wako." Mchungaji akatazama kulia na kushoto, akainua mikono yake hewani, akaombea palepale mlangoni. Yalikuwa maombi marefu kuliko kawaida, nadhani kwa sababu ya umbali.

Ndugu mmoja tu kwa kila mgonjwa ndiye aliyeruhusiwa kukaribia, akishanawa hadi kwenye viwiko kwa maji ya kumimina, bila pete, bila saa, simu imebaki nje. Msicheke kuhusu simu. Mtu ananawa vizuri, halafu anapokea simu aliyoishika kwenye choo cha soko. Mlango tuliufungua na kuufunga kwa kiwiko. Mwaitu Nduku alinawa, akavaa aproni, akaketi kando ya binti yake. Na siku za homa kali, dawa ile ya mwisho ikipigana na figo na kijidudu kwa pamoja, nilimwona mama huyu, ambaye mikono yake haikujua kupumzika, amevikalia viganja vyake. Amevikalia kabisa, kama anayezuia watoto wasitoke nje.

"Mwaitu," Mwende akamwambia, "unaweza kunigusa. Umenawa."

"Nakuheshimu kwanza," akasema mama yake.

Siku hizo ndipo Mwaitu Nduku alipomwuliza Sista swali. Walikuwa wamesimama mahali pa kunawa, mimi nikimimina maji. "Sista, niambie ukweli. Ni mimi niliyemletea?"

Najua mnafikiri alijibu ndiyo au hapana. Sista Kalondu alisugua kucha zake. "Mikono yote ilipita humu, Mwaitu. Hata hii yangu. Sasa imenawa." Akamwachia maji. Nimefanya kazi na watu wengi hodari, wanangu, lakini ujuzi ule, wa kumrekebisha mtu bila kumvunja, sijauona ukifundishwa popote. Kama angemtafuta wa kulaumu siku ile, tungempoteza yule mlinzi wa mlangoni, na pengine na Mwende.

Homa ilishuka. Maabara wakaotesha tena, safari hii hakikuota kitu cha kutisha. Daktari Halima akachukua ile ngozi ya mwisho ya paja, akaishona mkononi kidole kwa kidole, na sisi tukangoja.

Asubuhi ya kufungua, gurudumu likalia kutoka mbali, nguii, nguii. Mwende hakuimba. Alikuwa ameuma ncha ya shuka. Basi wodi nzima ikaimba kwa niaba yake, hata mtoto wa chai, ambaye hakujua maneno. Sista alilowesha bandeji kwanza ili isivute, akaifunua polepole, tabaka moja, tabaka lingine. Nilinusa kabla sijatazama. Ilikuwa harufu ya mtu tu.

Ngozi ilikuwa na rangi ya waridi, kama ndani ya mdomo wa mtoto. Daktari Halima aliigusa kwa ncha ya koleo. Haikuteleza.

"Imeshika," akasema, na sauti yake ikavunjika katikati ya neno.

Kutoka mlangoni, Mwaitu Nduku akauliza kwa adabu zote kama vigelegele vinaruhusiwa.

"Vigelegele havina vijidudu," Sista akasema. "Pigeni."

Baada ya hapo yalikuwa mazoezi. Sista alimkunjia bandeji safi donge kubwa, akampa alikande. "Hiyo ni unga. Usiniletee chapati ngumu." Mwende alilikanda akilia, akalikanda akitukana mafundi meza wote wa Tawa, akalikanda akicheka, mpaka vidole vikaanza kukunjika kimoja baada ya kingine.

Siku alipoondoka, mama yake alitangulia kutoka. Kioko alikuwa ukumbini, akasogea hadi ukutani, macho chini, ili mama mkwe apite. Mwende akabaki wa mwisho. Aliinamisha kichwa kwa kila kitanda, kulia na kushoto, bila kumgusa mtu. Mimi nilitazama kiwiko chake, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha kushughulikia mlango. Hakukitumia. Alikitazama kitasa kwa muda, kisha akakishika kwa mkono wa kulia, vidole vikakizunguka vyote, vyekundu, vigumu, vyake. Sista Kalondu, ambaye hakuwahi kumsamehe mtu aliyeshika kitasa, alikuwa na kitambaa cha spiriti cha kufutia vitasa mkononi na hakusogea. Mwende akavuta, na mlango ukafungika nyuma yake kwa sauti ndogo, safi.